Kumfunua Mgonjwa Shuka

Mpaka daraja lilipofunguliwa, Mzee Ndalahwa alikuwa mpanga magari kwenye kivuko cha Kigongo. Hakuwa nahodha wala mkata tiketi. Alisimama kwenye mteremko wa kuingilia pantoni, filimbi mdomoni, akiamua nani atangulie. Gari la wagonjwa lilipita kwanza hata likikuta foleni imefika kwenye vibanda vya samaki. Mabasi yalifuata. Malori ya mizigo yalisubiri, na madereva wake walimtukana kwa Kisukuma, wakamalizia kwa Kiswahili ili na wageni wasikie. Yeye aliwajibu kwa filimbi.

Siku moja ilikuja pikapu iliyolaza mtu nyuma, amefunikwa shuka hadi kidevuni, anagumia kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Mzee aliipitisha mbele ya wote. Haukupita muda wenzake wa ng'ambo, upande wa Busisi, wakamwita kwenye redio ya upepo wakicheka mpaka wakashindwa kusema. Mgonjwa alikuwa ameshuka, amekunja shuka lake vizuri, na sasa alikuwa anapakua magunia ya mkaa aliyokuwa ameyalalia.

Tangu hapo hakumpitisha mtu kabla ya kumkagua. "Pole, mgonjwa," alisema, huku akiinua pembe ya shuka kwa vidole viwili. Wagonjwa wa kweli walimsamehe. Wa uongo walianza kushuka wenyewe wakimwona anakuja. Pale kivukoni ikawa msemo: mtu akileta habari tamu kupita kiasi, wanamuuliza, "Umemfunua shuka?"

Ninayetaka kumwandika ni binti yake, Paskazia. Tunapanga nyumba moja hapa Mkolani, vyumba vinatazamana, na kamba ya kuanikia nguo ni moja. Mimi si mwongeaji. Yeye pia si mwongeaji, na labda ndiyo maana tuliweza kukaa jikoni jioni nzima, kila mtu na sufuria yake, hadi siku alipoanza kunisimulia. Mengine niliyapata kwa baba yake, ambaye akija kumtembelea husimama mlangoni na kusubiri aambiwe apite, kana kwamba bado kuna foleni.

Paskazia alisomea mawasiliano chuo kikuu, akarudi Mwanza na kuajiriwa na kampuni ndogo ya intaneti yenye ofisi ghorofani, Nyamagana. Kampuni sitaitaja. Kazi yake ilikuwa ile ile ya baba yake, ingawa ilimchukua muda kuligundua hilo. Kila kinachotumwa mtandaoni, iwe picha, sauti au ujumbe, hukatwa vipande vidogo, na vipande hivyo husafiri vikisukumana kwenye njia moja. Njia ya kampuni ilikuwa pana karibu kila mahali, isipokuwa kipande kimoja, kutoka Usagara kuingia mjini. Hapo yalikutana mawasiliano ya Sengerema, Geita na Shinyanga, yote yakitaka kupita mlango mmoja.

"Ni pantoni," alimwambia mwenzake siku moja, akitazama michoro kwenye kioo. "Haitanuki kwa kuombewa. Kinachobaki ni kupanga nani atangulie."

Mwenzake huyo alikuwa Pius Mihayo. Walisoma darasa moja chuoni. Pius ndiye aliyemwambia kuna nafasi ya kazi. Kwenye vikao, ambako Paskazia hukauka koo hata akiulizwa jina lake, Pius ndiye aliyemsemea: "Paskazia ana wazo, ila anasubiri mtu amshike mkono." Watu walicheka, naye akapata nguvu ya kusema. Mtu wa namna hiyo ukimpata kazini unamshukuru Mungu kimya kimya.

Basi wakapanga foleni tatu. Waliziita Wagonjwa, Abiria na Mizigo. Wagonjwa zilikuwa simu na picha za vituo vya afya. Abiria zilikuwa shule, ofisi na watu wa kawaida. Mizigo ilikuwa kila kitu kingine kinachoweza kusubiri. Kila kipande kilipigwa alama ya foleni yake kilipoingia kwenye mtandao, na mlango wa Usagara ulipobanwa, vyenye alama ya Wagonjwa vilipita kwanza.

"Lakini alama si inaandikwa na mtu?" Pius aliuliza. "Mimi nikiandika Wagonjwa kwenye filamu zangu je?"

Hapo ndipo Paskazia alipomsimulia kisa cha magunia ya mkaa. Pius alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akafuta machozi, akasema, "Tumepata jina." Wakatengeneza ukaguzi pale pale mlangoni: kila kipande chenye alama ya Wagonjwa kilitazamwa kimetoka wapi, na kama hakikutoka kituo cha afya, alama ilifutwa na kipande kikarudishwa nyuma. Ukaguzi huo uliitwa kufunua shuka. Hata mkurugenzi, mtu asiyependa mzaha, alizoea kuuliza, "Shuka zinafunuliwa?"

Jumapili moja Pius alikwenda Kigongo kula ugali wa udaga, ule wa muhogo mkavu, na sato kwa Mzee Ndalahwa. Mzee alimtazama anavyomega, akamgeukia binti yake.

"Huyu mkwe ana tumbo la lori."

"Baba! Huyu ni mwenzangu wa kazi."

"Hata pantoni na gati ni wenzi wa kazi," Mzee alisema. "Lakini kila siku wanagusana."

Pius alipaliwa na ugali. Hapakuwa na mapenzi kati yao, Paskazia aliniambia, na aliongeza kwamba ndivyo ilivyokuwa bora, kwa sababu mpenzi unamchunguza.

Mteja aliyempenda kuliko wote alikuwa kituo cha afya cha kisiwa kimoja upande wa Sengerema. Alikwenda mwenyewe kwa boti kusimika vifaa. Mkunga wa pale, dada mmoja mrefu aitwaye Justa, alimpokea akiwa amejifunga kanga juu ya gauni la kazi, akasimama kumtazama anavyofunga nyaya.

"Huu wenu utakatika lini?"

"Hautakatika, dada. Na njia ikibanwa, ninyi mnatangulia."

"Wote wanaokuja na waya huniambia hivyo. Kisha wanapanda boti."

"Nakupa neno langu."

"Neno la nani? Kampuni haina mdomo."

Paskazia akasema lililomjia. "La binti wa Ndalahwa wa pantoni."

Justa alipiga makofi. "Yule mzee aliyemfunua mgonjwa wangu shuka! Nilimtukana mimi, eh! Halafu akatuvusha mbele ya basi la harusi." Alicheka, akaenda kuleta chai. Alipomwekea kikombe alisema, safari hii bila kucheka, "Basi nitakuamini wewe. Nikiwa na mama ambaye simwelewi, namwonyesha daktari wa mjini kwenye kioo, ananiambia nimpakie botini au nimwache. Nisipokuwa na njia, sisubiri, napakia tu. Nikiwa nayo nitasubiri jibu. Unaelewa ninachokuambia?"

"Naelewa," Paskazia alisema.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda mrefu. Kisha Pius alipandishwa cheo, akapewa kusimamia kituo cha Usagara. Wateja wapya wakaanza kuingia kwa wingi kupitia kwake, vifaa vya pale vikaelemewa, na ukaguzi ukawa unachelewesha kila mtu. Akampigia simu Paskazia.

"Dada Paska, umeniwekea trafiki polisi mlangoni kwangu. Kila kitu kinasimamishwa."

"Ni ukaguzi ule ule."

"Najua. Ila mimi nipo hapa hapa, nakagua wateja wakati wa kuwaingiza. Ya nini kukaguliwa mara mbili?" Kisha akasema kwa sauti ya kuonewa, "Unanifunua shuka hata mimi?"

Paskazia alicheka. Ni kicheko hicho anachokirudia akinisimulia, anakitoa hivi hivi, kifupi. Siku ile ile aliandika maelekezo kwamba alama zinazotoka Usagara zikubaliwe bila kukaguliwa, akaweka jina lake chini.

Jumamosi moja, mwezi mmoja au zaidi baadaye, alikuwa zamu. Mchana, foleni ya Wagonjwa ikaanza kuvimba. Kwa kawaida foleni hiyo ni nyembamba, uzi tu kwenye mchoro. Sasa ilinenepa ikajaza mlango mzima, na Abiria na Mizigo walikuwa wamesimama kabisa. Alidhani kuna ajali kubwa mahali. Akampigia Pius.

"Kuna nini huko? Wagonjwa wamejaa."

"Aa, labda madaktari wana mafunzo mtandaoni," Pius alisema. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga kelele za furaha, na mmoja akapaza sauti, "Goooli! Mkeka unatiki huo!"

"Uko wapi?"

"Nakula. Usijali, itapungua."

Akamwamini. Hakuona sababu ya kutomwamini.

Simu ya Justa ilikuja muda mfupi baadaye. Kulikuwa na mama kijana, Rebeka, mimba ya kwanza, miezi imetimia. Mtoto alikuwa amepunguza kucheza tangu asubuhi. Justa alikuwa ameshika kipimo juu ya tumbo, daktari yupo upande wa pili, lakini picha ilikuwa imeganda.

"Namwona daktari mdomo wazi tu, kama sangara," Justa alisema. "Yeye ananiona hivyo hivyo. Nipakie?"

Paskazia alitazama mchoro. Wagonjwa walikuwa wanapita kwanza, kama alivyopanga. Mpango ulikuwa unafanya kazi. Kilichompita akili ni kwamba wagonjwa wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanabanana.

"Subiri kidogo, dada. Itafunguka sasa hivi."

Haikufunguka. Justa akapiga tena. Sauti ilikatika katika, maneno yakawa yanaruka. "Ziwa... linaanza... niambie."

"Subiri, nashughulikia."

Alimpigia Pius tena, hakupokea. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Pius aende Usagara. Alivifungua vipande vyenyewe vya foleni ya Wagonjwa, akavitazama vimetoka wapi. Vilitoka kwenye vibanda vya kubeti. Geita, Sengerema, Shinyanga, mji baada ya mji, mikeka ya ubashiri wa mechi za Jumamosi, magoli, bei za dau zinazobadilika kila mpira ukigeuka, vyote vimefunikwa alama ya wagonjwa. Simu za kituo cha Justa zilikuwa humo katikati, zimebanwa kama mtu halisi aliyelazwa katikati ya magunia.

Alirudisha ukaguzi papo hapo. Mchoro ukashuka ukawa uzi. Akampigia Justa kumwambia njia iko wazi, simu ikaita bila kupokelewa. Justa alikuwa ameshachoka kusubiri, yumo botini na Rebeka, na upepo ulikuwa umeshaamka.

Rebeka alifika hospitalini akiwa hai. Mtoto hakufika.

Daktari alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba mtoto angepona kama wangeondoka mapema. Paskazia alimsikiliza akamshukuru. Justa alimpigia kesho yake, na hakupaza sauti. "Usingenipa neno, ningempakia mchana, ziwa likiwa limelala," alisema. Kisha akakata.

Jumatatu Paskazia alikwenda Usagara. Alimkuta Pius nje ya kituo, ameegemea jenereta, anakula mahindi ya kuchoma. Alipomwona alimkatia nusu ya hindi, kama siku zote. Hakulipokea.

"Umewaweka watu wa kubeti kwenye Wagonjwa."

"Ingia ndani tuongee."

"Sema hapa."

Pius alitazama barabarani, magari yalivyokuwa yanagawanyika njia panda. "Ni mteja mkubwa, Paska. Alisema mikeka ikichelewa anaondoka. Mkurugenzi aliniambia fanya unavyoweza. Ungekubali kuwapa foleni yao?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana sikukuuliza. Na foleni zako sikuzigusa, hata moja. Nilibadilisha alama tu."

"Pius, nilikuuliza Jumamosi. Nilikupigia nikakuuliza."

"Ningekuambiaje kwenye simu?"

"Mtoto amekufa."

Pius aliliweka hindi juu ya jenereta. Paskazia anasema macho yake yalilengwa machozi, na kwamba hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwa sababu alijikuta anataka kumwambia pole. Alidhani kwamba mtu aliyeguswa namna ile hawezi kukosa kusema kweli mbele ya wengine. Alirudi mjini akisubiri kikao kwa tumaini hilo.

Kikao kilifanyika wiki hiyo hiyo. Mkurugenzi alikuwa na swali moja: nani aliruhusu alama za Usagara zisikaguliwe? Paskazia alisema ni yeye. Akasubiri. Pius alikuwa amekaa mbele yake, mahali pale pale alipozoea kukaa anapomsemea. Akamtazama, naye Pius akashusha macho kwenye simu yake, akawa anapitisha kidole kwenye kioo kilichozimika, juu, chini, juu.

"Kuna mwenye la kuongeza?" mkurugenzi aliuliza.

Pius alisema, taratibu, "Maelekezo yana jina la Paskazia. Mimi nilifuata maelekezo."

Halikuwa neno la uongo. Yule wa magunia ya mkaa naye hakusema uongo hata kidogo, Paskazia aliniambia. Alilala tu, akajifunika shuka. Paskazia alimwambia mkurugenzi habari ya vibanda vya kubeti, na mkurugenzi akasema hilo ni suala la kibiashara, litaangaliwa. Wakamwambia akapumzike nyumbani mpaka aitwe. Hajaitwa. Pius amepewa tawi jipya Shinyanga. Alimtumia picha ya mlango wa ofisi yake, na chini ameandika, "Tuko pamoja." Paskazia alinionyesha. Hajajibu, wala hajaifuta.

Baba yake alipokuja nilikuwepo jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ulimfunua?"

"Hapana, baba. Alikuwa Pius."

"Yule wa sato."

"Huyo."

Mzee alitazama viatu vyake. Nilidhani atasema jambo la kumtuliza. Alisema, "Mimi nilimfunua hata mama yako shuka, alipokuwa anakwenda kukuzaa. Hakuniongelesha mpaka ukaanza kutambaa." Kisha akaomba maji.

Wiki mbili zilizopita Paskazia aliamua kwenda kisiwani. Aliogopa kwenda peke yake, akaniomba nimsindikize, na mimi nikaogopa kukataa. Ziwa lilikuwa limetulia. Justa alikuwa barazani anahesabu vyandarua vya akina mama. Alituona tangu gatini, hakuinuka.

"Shikamoo dada," Paskazia alisema. Justa si mkubwa wake kwa miaka ya kuamkiwa hivyo. Aliitika hata hivyo.

Paskazia alimwambia yote akiwa amesimama: alama, vibanda, Usagara, kicheko chake kwenye simu. Alimwambia kwamba ukaguzi umerudi, na hakumficha kwamba yeye hayupo tena wa kuulinda, na kwamba siku yoyote mtu mwingine anaweza kuuondoa. Justa aliendelea kuhesabu vyandarua. Ndani, mtoto mchanga wa mtu mwingine alikuwa analia kwa nguvu.

"Kwa hiyo," Justa alisema mwishowe, kwa swali lile lile la siku ya kwanza, "huu wenu utakatika lini?"

"Sijui, dada. Picha ikiganda, hata kidogo tu, usinipigie mimi wala mtu mwingine. Pakia."

"Hilo ndilo ungeniambia wakati ule."

"Ndiyo."

Justa aliinuka na rundo la vyandarua kifuani. Mlangoni alisimama, akatugeukia. Hakutukaribisha chai.

"Mwambie baba yako namsalimu," alisema, akaingia ndani.